Mizani Haijawahi Kuniongezea

Kebirigo, Nyamira
Jumapili, 18 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Sabir,

Pokea salamu kutoka kwa mjomba wako Obwocha, kwa mkono wangu mwenyewe. Usifikiri nimeandikiwa na mtu. Shule nilitoka darasa la nne lakini huu mwandiko mwalimu alikuwa anauzungusha darasa lote wengine waone aibu. Salimia mama yako Hawo, ambaye kwetu hapa bado ni Ruth hata akibadilisha jina mara kumi. Mwambie ng'ombe mweupe amezaa dume. Mwambie chai imechipuka na hii mvua, na shamba langu ndilo linaonekana kutoka barabarani, watu wanasimama kuliangalia.

Unajiuliza kwa nini naandika na simu ziko. Simu yangu inaongea kwa nguvu kwa sababu ya masikio, kwa hivyo nikiongea na wewe, nyumba yote inaongea na wewe. Hii barua nimempa Edinah, yule wa ndizi, anayekuja huko Daraja Mbili siku za soko. Yeye hajui kusoma. Nimemjaribu.

Sasa jambo lenyewe.

Ile siku ya Januari ulinipeleka kliniki, nikadungwa sindano ya pili ya huu ugonjwa wa tezi dume. Daktari akaniambia, mzee, ngojea nje kidogo. Nikakaa kwa benchi. Wewe ukabaki ndani, mlango ukafungwa. Mlikuwa mnasema nini? Ulipotoka uliniambia, "Mjomba, twende tunywe chai." Sabir, mtu akitoka kwa daktari aseme twende tunywe chai, huyo ameambiwa kitu.

Tangu siku hiyo mambo ya nyumba yangu yamegeuka. Mong'ina amebadilisha sahani. Ile yangu kubwa ya bati haionekani, sasa nawekewa kisahani ambacho hata kuku akipanda atateleza. Obokima, huo ugali wa wimbi, ni kipande kama ngumi ya mtoto. Halafu mboga, hiyo chinsaga. Asubuhi chinsaga, jioni chinsaga, mimi si mbuzi. Nikiuliza, mke wangu ananijibu, "Daktari alisema upunguze mwili." Mwili gani? Huu? Tangu nianze sindano nimeongezeka mpaka mashati hayafungi, na wazee kanisani wananiambia, Obwocha, wewe umeshinda. Kila mtu tuliyemzika na ugonjwa huu alikuwa amekonda kama fito. Mimi nanenepa, ati hiyo ndiyo shida.

Nani anafaidika nikikonda? Kijana wangu Machogu amenunua seng'enge, mizingo miwili ya waya, ameficha nyuma ya jiko. Nimeuliza ni ya nini, amesema, "Ni ya kazi, baba." Mtu ananunua seng'enge ya kugawa nini, kama si shamba?

Wewe una bucha. Nitumie nyama ya mafuta, ya nundu. Edinah aiweke chini kabisa ya kikapu chake. Na unijibu nilichouliza.

Ni mimi mjomba wako, bado niko na nguvu,
Obwocha


Kisii Mjini
Alhamisi, 29 Februari 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika, na mwandiko kweli ni mzuri. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama amefurahi kwa habari ya ndama, ameniuliza ana alama kwenye paji la uso kama mamake? Magoti yanamsumbua lakini ulimi hauna shida. Amesema nikuambie jina lake ni Hawo kwa miaka arobaini sasa na uzoee.

Mjomba, kuhusu chakula, mkaza mjomba Mong'ina anakupenda. Mboga si mbaya. Na kutembea kidogo, jioni jua likipungua, hata mpaka kituo cha chai na kurudi, kungekufaa.

Nyama nimempa Edinah, kilo mbili. Sindano yako inayofuata ni tarehe 23 Aprili. Nitakuja kukungojea pale kliniki mapema. Tafadhali usikose.

Mpwa wako,
Sabir


Kebirigo
Jumapili, 10 Machi 2024

Kwa Sabir,

Salamu. Ndama hana alama. Mwambie mama yako. Mvua imezidi, barabara ya kanisani imekatika, lakini mimi nilivuka kwa mguu, vijana wakabaki ng'ambo wakitafuta mbao.

Nyama imefika. Nyama gani hiyo? Nyama imenyolewa. Hakuna hata uzi wa mafuta. Nimeichemsha, supu ikawa maji ya kuoga. Paka wa Mong'ina aliiangalia mara mbili kabla ya kula. Tangu lini mwenye bucha akamtumia ndugu ya mama yake nyama ya namna hii? Nani alikuambia uitoe mafuta? Mmeanza kupigiana simu na Mong'ina?

Na umeandika karatasi nzima hukunijibu. Nilikuuliza mlisema nini. Umenijibu magoti ya mama yako.

Wacha nikwambie kitu kuhusu hiyo kliniki. Oktoba mwaka jana walinipima wakasema tisini na moja. Januari wakasema tisini na saba. Daktari akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nahesabu yangu. Sabir, mimi nimepeleka majani ya chai kwa mizani tangu nikiwa kijana wa kuoa. Nimepimiwa na makarani wengi, na huyu Mogaka wa sasa ndiye mbaya zaidi. Unatoka shambani na gunia unajua ni kilo ishirini, mizani inasema kumi na nane, halafu anatoa moja ya gunia, halafu anasema majani yana maji. Katika maisha yangu yote mizani haijawahi kuniongezea hata jani moja. Sasa nikaingia mjini, nikapanda mizani ya watu nisiowajua, wakanipa kilo sita za bure? Hakuna mtu anakupa kilo za bure. Kuna kitu wanataka.

Huenda ni hiyo sindano wanayotaka ionekane inafanya kazi. Ama inafanya kazi ingine. Joto linanipanda usiku na mchana kama nimekaa ndani ya chungu, najifuta jasho kanisani mpaka Onchiri jirani yangu ananiuliza kama nimetubu. Halafu kuna kitu kingine, kwa kifua, ambacho sitaandika. Siku hizi sivui shati nikichimba.

Huyo Onchiri pia anakuja sana. Anakaa, ananiangalia kutoka juu mpaka chini kama mtu anayepima mbao. Juzi amesema, "Obwocha umejaa." Nikamwambia, "Na wewe umetazama." Akaenda.

Jibu.

Obwocha


Kisii Mjini
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimekawia na ninaomba radhi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Idi ilipofika bucha haikupumua. Tulikula vizuri, tukakukumbuka. Mama amekutumia kitenge cha mkaza mjomba, kiko kwa Edinah, si cha siri.

Mafuta nilitoa mimi mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

Kuhusu daktari, hakuna jambo baya, Mjomba. Nakuomba tu uje tarehe 23. Tukikutana tutaongea.

Sabir


Kebirigo
Alhamisi, 2 Mei 2024

Kwa Sabir mwana wa Abdiaziz,

Kitenge kimefika. Mong'ina amekivaa, akaenda nacho kanisani, ametembea polepole ili aonekane. Mshukuru mama yako. Mahindi yamefika kwa goti.

Sikuja. Najua ulingoja. Edinah amesema ulikaa kwa ile benchi mpaka wenye kliniki wakaenda kula.

Nitakueleza kwa nini, kwa sababu mimi si mtu wa kujificha kama wengine. Umeandika "hakuna jambo baya". Nimemwonyesha hiyo barua mtu hata mmoja? Hapana, nimeisoma mwenyewe, mara nyingi, na kila mara inasema kitu kile kile. Kama ni zuri, lingeandikwa. Zuri halifichwi. Mtu akipata dume la ng'ombe anaficha? Mimi nilikuandikia siku ya kwanza. Kwa hivyo mlango ulipofungwa, daktari alikuambia huyu mzee anaenda. Ndiyo maana ya chai uliyonipeleka, na ndiyo maana ya Mong'ina kukaa karibu na mimi jioni bila kuniambia kitu, na ndiyo maana ya seng'enge. Wote mmejua. Mimi peke yangu kwa shamba langu ndiye sijui.

Basi kama naenda, sindano ni ya nini? Nijae joto, niote kifua kama msichana, halafu niende tu? Afadhali niende nimeshiba. Nimepata ile sahani yangu ya bati, ilikuwa chini ya kitanda. Nakula kwayo. Jumapili nimechinja kondoo na nimekula mafuta ya mkia wote, na mchuzi, nikamwita Onchiri aje aangalie vizuri.

Usinitumie tena nyama ya kunyoa.

Obwocha


Kisii Mjini
Jumatatu, 6 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sitaandika habari za nyumbani leo. Nimekasirika, na utanisamehe kwa sababu wewe ni mkubwa.

Haya, chukua. Daktari alifunga mlango akaniambia hivi: ugonjwa wa mjomba wako umekamatwa kabla haujatoka kwenye tezi, na kwa sindano na kliniki anaweza kuishi miaka mingi. Huenda usimuue kabisa. Ndilo aliloniambia la kwanza. La pili ni kwamba anaogopa tumbo lako kuliko tezi yako. Sindano inazima kitu cha kiume mwilini ambacho ugonjwa unakila, ndiyo maana ya joto na ya kifua, na inaleta mafuta na kulegeza misuli. Amesema ameona wanaume wanaonenepa sana baada ya kupatikana na huu ugonjwa, moyo unawachukua, au sukari, na mwili mzito unaupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Alisema, "Msaidie asiongezeke." Basi. Hayo ndiyo niliyotoka nayo, na la tumbo peke yake nikampigia simu mkaza mjomba.

Sasa utaniuliza kwa nini nilificha zuri. Mjomba, nakujua. Na nilimjua baba yangu. Mzee Abdiaziz aliambiwa sukari imeshuka, akarudi nyumbani kama bwana harusi, dawa akaweka juu ya kabati, chai ya maziwa na sambusa asubuhi na jioni. Mwaka haukuisha tukamzika. Nilikaa pale mbele ya daktari nikakuona wewe unaambiwa utaishi miaka mingi. Nikaona ng'ombe mzima anachinjwa. Nikasema moyoni, asijue, aogope kidogo, atajitunza.

Sikufikiri kwamba ukiogopa ndipo utachinja kondoo.

Njoo udungwe. Umechelewa lakini hujapitwa. Usipokuja nitakuja na mama, na unajua yeye hana breki.

Sabir


Kebirigo
Jumapili, 19 Mei 2024

Kwa Sabir,

Salamu. Mama yako asije, barabara ni mbaya kwa magoti yake. Chai ni nyingi mpaka Mong'ina ameita wachumaji wawili. Ile seng'enge Machogu amezungushia bustani ya mboga ndama wasiingie. Mpaka sasa ni hivyo. Naendelea kuangalia.

Barua yako nimeisoma. Sikuiamini. Nimekwambia kweli. Mtu aliyeficha tangu Januari, siku anayofungua mdomo anatoa asali? Ningekuwa wewe na ninataka mzee mkaidi aje kwa sindano, hayo ndiyo maneno ningetunga.

Lakini kuna kitu kimoja naweza kuhakikisha bila wewe wala daktari. Uzito.

Jumatano nilienda kituo cha chai, Mogaka amefungua kupima. Wanawake wamepanga mstari na majani yao. Nikasema, "Karani, nipime."

"Mzee, majani yako wapi?"

"Leo majani ni mimi."

Walicheka, Sabir, mpaka mmoja akamwaga gunia. Mogaka akasema mizani ni ya kampuni si ya watu. Nikamwambia, hii mizani nimeilisha kabla hujazaliwa, na kilo ilizoniibia zikirudishwa leo zitajaza lori, kwa hivyo leo inipime tu na isinilipe. Akaona watu wote wanamwangalia, akaogopa. Wakaunganisha magunia mawili, nikakaa ndani kama mtoto mgongoni, wanaume wakainua, wakaning'iniza kwa ndoano.

Mama mmoja akapiga kelele, "Karani chunguza, huyo amenyunyiziwa maji!"

Mwingine: "Hayo ni majani ya kuzeeka, kiwanda kitayarudisha!"

Na Onchiri, ambaye hakosi mahali, akasema, "Toa kilo ya gunia."

Nikiwa huko juu nikamjibu, "Na utoe ya gambuti pia!"

Mogaka akasoma. Mia moja na tatu.

Kicheko kiliisha.

Walinishusha nikakaa juu ya jiwe, nikafikiri. Kliniki ilisema tisini na saba nikaiita mwongo wa kuongeza. Sawa. Sasa hii ya Mogaka ni mwizi wa kupunguza, wilaya nzima inajua. Huyu mwizi amenipunguzia, halafu akatoa ya gunia na ya gambuti, na bado amesoma mia moja na tatu. Mwizi akikuachia mia na tatu, ulikuwa na ngapi? Nimegeuza pande zote. Nimetafuta namna ya hiyo mizani kunidanganya ili nionekane mkubwa. Hakuna. Haijui kufanya hivyo. Makosa yake yote huwa ni ya upande ule mwingine.

Nilirudi nyumbani kwa ule mlima wa kwa Onchiri. Zamani niliupanda na gunia kichwani nikiimba. Sasa nilisimama njiani, nikajifanya naangalia mahindi ya mtu. Halafu nikasimama tena, na huko hakukuwa na mahindi.

Mong'ina akaniuliza, "Umetoka wapi?" Nikasema kutembea. Nikamwambia aniwekee chakula kwa kile kisahani. Akaweka. Nikakula, sikuomba tena. Aliniangalia sana. Nafikiri yeye ndiye sasa anashuku kitu.

Lakini usishangilie. Uzito nimeuamini kwa sababu nimeuona. Hiyo miaka mingi sijaiona. Hiyo ni maneno, na yamepitia kwako.

Obwocha


Kebirigo
Alhamisi, 30 Mei 2024

Kwa mpwa wangu Sabir,

Pokea salamu. Hapa wote wako, kuku peke yake ndiye amechukuliwa na mwewe. Salimia mama yako Hawo. Nimeandika Hawo, mwonyeshe.

Juzi Jumanne nilikuja Kisii. Sikukuambia. Nilipita mbele ya bucha yako, nikakuona unakata mbavu, umefunga aproni nyeupe, wateja wamejaa, nikaona umekuwa mtu. Sikuingia. Nilitaka kusikia bila wewe kuwa kando unanyoa maneno.

Yule daktari ni msichana mdogo, ukimtazama anaweza kuwa mjukuu wangu. Alinigombeza kwa kuchelewa. Akanipima, nikamwambia usinisomee, najua. Akasoma hata hivyo. Imeshuka kidogo kuliko ile ya Mogaka, kilo moja na kitu. Nimekuwa nikipeleka majani mwenyewe kituoni, kigunia kidogo, mguu kwa mguu, Mogaka akiniona anajificha nyuma ya mizani.

Halafu nikamwuliza. Nikasema, "Mpwa wangu anasema ulimwambia nitaishi miaka mingi. Ulisema ama hukusema?"

Akasema, "Nilisema unaweza."

"Mingapi?"

"Sijui, mzee."

Nikafikiri ananikwepa kama wewe. Nikasema, "Nikidungwa kila wakati, nile majani kama mbuzi, nipungue, nitembee, nifanye yote. Mingapi?"

"Hata ukifanya yote, sijui. Najua tu kwamba ukiacha sindano na uendelee kunenepa, itakuwa michache."

Nilimwangalia. Hakuangalia karatasi, hakuangalia dirisha. Sabir, katika maisha yangu kila mtu aliyetaka kitu kwangu alikuwa anajua. Mwenye mbolea anajua mahindi yatakuwa ngapi. Wa kampuni ya chai anajua bonasi itapanda. Mhubiri wa hema anajua siku ya mwisho. Wewe na Mong'ina mnajua kinachonifaa mpaka mnaficha sahani. Huyu msichana amesoma mpaka macho yamevaa miwani, mlango umefungwa, hakuna mtu wa kumsikia, angeweza kuniambia ishirini na ningeondoka nikicheka. Akasema hajui.

Nikainua shati juu, mpaka kile kifua ambacho sikutaka kukiandika. Hakucheka, hakugeuza uso. Alikuwa ameshika sindano anangoja nimalize kumwangalia.

Nikamwambia, basi dunga.

Mjomba wako,
Obwocha